Bidhaa 1,200, kompyuta moja kuukuu, umeme wa kukatika: tuanzie wapi?

stoo_nyuma

Wakuu, salaam. Biashara ni ya vipuri na vifaa vya ujenzi, bidhaa kama 1,200, wauzaji watatu, stoo iko nyuma ya duka. Hesabu inakaa kwenye madaftari mawili ambayo hayajawahi kukubaliana. Kompyuta ni moja, RAM GB 4, diski ile ya zamani ya kuzunguka. Umeme unakatika, intaneti ndiyo haina ahadi kabisa. Bajeti inatosha vifaa viwili vitatu, si mfumo wa kulipia kila mwezi.

Lahajedwali (jedwali la kompyuta kama Excel) linatosha au ni kupoteza muda? Pesa iliyopo iende wapi kwanza? Na wauzaji wanaweza kurekodi kwa simu bila intaneti?

mhesabu_stoki

Linatosha, na nafasi inabaki. Kinachoua lahajedwali ni kuandika salio kwa mkono, idadi ya bidhaa haina neno. Kama kuna safuwima ya "Zilizopo" na kila mtu anafuta 50 anaandika 47, daftari limehamia kwenye kioo tu. Kesho ikisomeka 41, hakuna wa kukuambia zile sita zimekwenda wapi.

Weka karatasi tatu ndani ya faili moja. Bidhaa: msimbo, jina, kipimo, kiwango cha kuagiza. Miamala: tarehe, msimbo, idadi, aina, nani. Kinachoingia ni chanya, kinachotoka ni hasi, na mstari ukishaandikwa haufutwi. Ukikosea, andika mwingine wa kurekebisha. Ya tatu ni Salio, na hiyo haiandikwi na mtu. Msimbo ukiwa kwenye A2, fomula ya kujumlisha miamala yote ya msimbo huo ni:

=SUMIF(Miamala!B:B,A2,Miamala!C:C)

Kwenye LibreOffice (mbadala wa bure wa Excel) alama ya mshangao inakuwa nukta, na mkato kwa kawaida unakuwa nukta mkato. Fomula ikikataa, angalia hapo kwanza.

Kipimo kiwe kile kidogo kabisa mnachouzia. Boksi la skrubu 100 linaingia kama 100, haliingii kama 1. Ukichanganya, salio litakuwa hasi ndani ya wiki na mtaanza kumsingizia mtu wizi.

Sasa misimbo, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Usitumie namba tupu kama 0417. Lahajedwali litakula sifuri ya mbele na kubakiza 417. Hata ukiigeuza safuwima kuwa maandishi, SUMIF inazihesabu "0417" na "417" kuwa kitu kimoja, kwa hiyo bidhaa mbili zinajumlishwa pamoja bila onyo lolote. Anza na herufi: V0417. Herufi moja, tatizo limekwisha. Kwa bidhaa zenye msimbopau wa kiwandani (EAN-13, ule wa mistari na tarakimu 13), weka namba hiyo kwenye safuwima yake ya maandishi ndani ya Bidhaa.

Skana ya waya (kisomaji cha msimbopau) ndiyo ya kununua. Kompyuta inaiona kama kibodi, haidai programu yoyote: inachapa namba kisha inabonyeza Enter. Kama unataka iruke kwenye kisanduku cha pembeni badala ya kushuka chini, skani msimbo wa "Tab" ulio kwenye kijitabu chake. Lebo za ndani zichapishwe kwa Code 128 (aina nyingine ya msimbopau), kwa sababu inakubali herufi na tarakimu. EAN-13 ni tarakimu tupu.

Ufunguzi: hesabuni kila kitu mara moja, mkiingize kama miamala ya aina "ufunguzi". Baada ya hapo msifunge duka tena kwa ajili ya kuhesabu. Bidhaa 20 kila siku, siku 60 za kazi mmezunguka stoo nzima.

waya_na_betri

Yote sawa, ila skana isubiri. Kwenye mashine hiyo pesa ya kwanza iende kwenye SSD (diski ya haraka isiyozunguka) na UPS (betri inayoshika umeme ukikatika). Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi faili, hiyo SUMIF nzuri haitafunguka.

SSD ya inchi 2.5, GB 240, inaingia pale pale ilipokuwa diski ya zamani. Kwa RAM GB 4, diski ndiyo inayowafanya msubiri dakika nzima faili lifunguke, kwa sababu kompyuta ikiishiwa RAM inakimbilia diski. Ukitaka kuongeza RAM, soma kwanza iliyomo: DDR3 na DDR4 (vizazi viwili vya RAM) haziingiliani, pengo la katikati haliko mahali pamoja. Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo ya kawaida Oktoba 14, 2025, na mashine kuukuu nyingi hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) inayodaiwa na Windows 11. Linux nyepesi (mfumo wa bure badala ya Windows) pamoja na LibreOffice inatosha kwa kazi hii.

UPS msiinunue kwa VA (ukubwa ulioandikwa juu yake) peke yake. Ile ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hivi. Kompyuta wati 60, kioo 20, rauta 10: jumla 90, inabeba bila shida. Muda ni hesabu nyingine. Betri ya ndani mara nyingi ni volti 12, Ah 7, yaani wati-saa (Wh) 84, na ukiinyonya kwa kasi hiyo unapata karibu nusu tu. Wh 42 kwa wati 90 ni kama dakika 28 kwenye karatasi. Panga dakika 20. Hizo ni za kumaliza muamala na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe humo hata siku moja, ikipasha joto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo na UPS inazima kila kitu. Isikae kwenye joto pia: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi unapungua kwa karibu nusu.

Rauta ipatieni kiUPS chake cha volti 12. Kupandisha volti 12 hadi 230 halafu adapta izishushe tena 12 ni kuchoma betri bure.

Jambo moja dogo linalosumbua mashine kuukuu: kama saa inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa. Miamala itaingia na tarehe za ajabu na tovuti zitagoma kufunguka. Badilisha hiyo kabla hujailaumu intaneti.

stoo_nyuma

Nimewaelewa wote. Swali la simu bado. Na hicho kiwango cha kuagiza kinakokotolewaje?

foleni_ya_data

Simu zinawezekana, ila kanuni ya mhesabu inakuwa sheria: simu itume mwendo, isitume salio. Tazama. Simu mbili hazina mtandao, zote zinaonyesha 50. Moja inauza 3, inaandika 47. Nyingine inauza 5, inaandika 45. Mtandao ukirudi, ya mwisho kufika inafuta ya kwanza: mfumo unasema 45, rafu ina 42. Zikituma "-3" na "-5", yeyote atangulie, jibu ni 42.

Kila muamala upewe namba na simu yenyewe, herufi ya simu na mfululizo wake: A-000231, B-000118. Simu ikituma, mtandao ukakatika kabla ya kupata jibu, itatuma tena. Kompyuta ikiona A-000231 ipo tayari, inaikataa. Bila hiyo, kila mtandao ukiyumba mauzo yanahesabiwa mara mbili.

Hamhitaji intaneti kwa hili, Wi-Fi ya rauta inatosha. Ila msiweke faili la lahajedwali kwenye folda ya pamoja watu watatu walifungue. Hapo hamieni SQLite (hifadhidata ya bure inayokaa kwenye faili moja): faili likae kwenye kompyuta, simu ziingie kwa kivinjari kupitia kiprogramu kidogo kinachoendeshwa hapo hapo. Nakala ya akiba itolewe kwa amri ya VACUUM INTO; kunakili faili likiwa linaandikwa kunaweza kukupa nakala mbovu. Nakala moja ibaki dukani, nyingine ilale nje ya jengo. Na mara moja kwa mwezi ifungueni kwenye mashine nyingine muone kama inasomeka.

mhesabu_stoki

Kiwango cha kuagiza: mauzo ya siku mara siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba. Mnauza 6 kwa siku, mzigo unachukua siku 9: 54. Siku mbaya mnauza 9 na mzigo unachelewa hadi 14: 126. Tofauti, 72, ndiyo akiba kamili. Akiba hiyo wekeni kwa bidhaa zinazotembea tu. Kwa zile za bei kubwa zinazotoka mara moja kwa mwezi ni kulaza mtaji.

Angalieni mtego huu: bidhaa imeuza 120 kwa siku 30, wastani unaonekana 4. Lakini kwa siku 10 rafu ilikuwa tupu. Wastani wa kweli ni 120 kwa siku 20, yaani 6. Ukiagiza kwa kutumia 4, itaisha tena, na mwezi unaofuata wastani utaonekana mdogo zaidi. Ongeza safuwima ya siku ambazo salio lilikuwa sifuri, uzitoe kabla ya kugawanya.