Kakaa miezi nane bila unga (heroini), karudi mjini siku tatu tu kaanza tena. Kwa nini?

Da_Mkubwa: Wakuu naombeni mnieleweshe. Mdogo wangu alikuwa teja, tukampeleka kwa bibi Muheza, miezi nane hajagusa, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, iliisha zamani, kanenepa, analima mihogo. Karudi Temeke jumanne, ijumaa namkuta nyuma ya choo anasinzia kasimama, nikajua tayari. Sasa kama arosto hana, karudia nini? Au ndo hatupendi?

Mzee_wa_Kazi: Tabia mbovu tu hiyo. Bakora.

Kasafi: Mzee bakora nimekula sana na unga nikavuta vilevile. Mi niko kwenye methadoni, dawa ya hospitali ya kukaa badala ya unga, mwaka wa nne. Da mkubwa, arosto ni mwili, siku chache inapita, kichwa ndo hakisahau. Mpaka leo nikiona kijinailoni kimefungwa kidogo hivi kama cha unga tumbo linasokota kabla sijawaza chochote. Huko Muheza hakuna kijiwe hakuna washkaji, sasa angetamanishwa na nini, mihogo?

Nesi_wa_Zamu: Kasafi kasema kweli. Heroini ikifika kwenye ubongo inageuka mofini, dopamini, kemikali ya ubongo, inamwagika kwa wingi, na watu wanadhani dopamini ni raha tu kumbe kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo hiki kishike, ukirudie, basi unashika vyote, uchochoro, sura ya muuzaji, hata saa. Ukizidi kutumia ubongo unapunguza makali, ndo maana kete moja inakuwa tano.

Ila dada kinachonitisha ni kingine. Miezi nane mwili umeshasahau kuhimili, akirudia kipimo chake cha zamani pumzi inakata. Usimfungie peke yake. Ukimkuta haamki, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu mkimbizeni hospitali hapohapo. Methadoni Muhimbili wanatoa tangu 2011, na Temeke ipo. Anakunywa mbele ya mhudumu kila siku, inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, haimpandishi ghafla wala haimwachi na arosto.

Da_Mkubwa: Yesu wangu, na kufuli nilishanunua. Kasafi, foleni inaanza saa ngapi?

Kasafi: Saa moja asubuhi sisi tupo getini. Njoo naye mwenyewe, asitangulie peke yake, njiani hapo kuna vijiwe viwili.