Simu imeingia maji, fundi kaifungua haijawaka: alipwe au asilipwe?

MwanaIgogo
Wakuu habari za jioni, naomba hili tulijadili kwa haki. Jumamosi natokea Sengerema nikapanda kivuko cha Kamanga, wakati wa kushuka upande wa mjini Mwanza si mnajua watu wanavyosukumana na mizigo, simu ikanitoka mkononi ikaingia ziwani pembeni ya ngazi. Kuna kijana akaruka akaitoa, haikukaa hata dakika mbili, na ilikuwa inawaka kabisa, nikaifuta na shati nikampigia mke wangu nikamwambia nimefika. Usiku nikailaza kwenye mchele. Asubuhi nikachomeka chaji, ikaonyesha betri kama dakika tano hivi ikazima, mpaka leo kimya. Nimepeleka kwa fundi amefungua amesafisha haijawaka na anataka 15,000. Nimekataa, naye kakaa na simu. Sasa nauliza, kazi isiyoleta matokeo inalipwaje? Kinyozi akishindwa kukunyoa unamlipa?

Fundi_Makoroboi
Sio mimi niliyetengeneza simu yako ila hilo la kinyozi limeniuma. Kichwa kinaota nywele tena, bodi haioti. Mimi nikifungua simu iliyoingia maji natoa kioo kwa joto taratibu kisipasuke, natoa betri, natoa ngao za bati moja moja, napiga brashi na spiriti, nakausha, napima njia za umeme na multimita. Hiyo ni kazi ya saa 2 mpaka 3 na spiriti nzuri nanunua kwa hela yangu. Alafu mtu anakuja "haijawaka silipi". Daktari mgonjwa akifa halipwi?

MwanaIgogo
Daktari amesomea mkuu.

Fundi_Makoroboi
Na mimi nimesomea, miaka 11 nipo kwenye meza hii. Na nikuambie aliyeua simu yako. Sio ziwa. Ilitoka ziwani inawaka, ukampigia mkeo, ukailaza ikiwa imewashwa, asubuhi ukaiingizia chaji. Maji peke yake kwenye bodi hayana haraka. Maji pamoja na umeme ndo yanakula, shaba inaliwa dakika hiyo hiyo inageuka ule ukungu wa kijani. Ungeizima pale pale kwenye ngazi tusingekuwa tunaongea hapa.

Dagaa_Usiku
Acheni kumtisha mwenzenu. Mimi navua dagaa miaka 9, simu yangu imeingia ziwani mara tatu na mara zote tatu mchele umeniokolea. Natoa betri, natoa laini, nafukia kwenye mchele siku mbili, inawaka. Mafundi hawataki mtumie mchele maana mchele haulipwi.

Mwl_Pasiansi
Ndugu mvuvi, umesema unatoa betri, maana yake simu yako ni kitochi. Umeme umeukata wewe mwenyewe kwa mkono wako na siku mbili zimekausha, hata ungeiacha juu ya meza dirishani ingewaka. Hizi za kupangusa betri limefungiwa ndani. Na kama sikosei Apple wenyewe Januari 2024 waliandika kwenye maelekezo yao kwamba usiweke simu kwenye mchele, punje na vumbi lake vinaweza kuingia na kuiharibu. Wanasema igonge taratibu kwenye kiganja tundu la chaji likitazama chini maji yashuke, iache sehemu kavu yenye upepo, usichaji mpaka ikauke, na usitumie joto wala kuingiza pamba kwenye tundu.

Dagaa_Usiku
Hao Apple wamewahi kulala katikati ya ziwa na taa za sola na nyavu zimelowa? Mimi nasema nilichokiona kwa macho yangu wewe unasema ulichosoma. Na kitochi usikidharau, kimenisomeshea watoto wawili.

Buhongwa_Original
Mimi kinachoniumiza ni huo mchele baada ya hapo. Mnaurudisha kwenye gunia! Ndo maana kuna wali ukiula pale kwa mama lishe wa kwenye vivuko unasikia kabisa ladha ya betri.

Mama_Lishe_Kamanga
Wewe kijana wa Buhongwa taja banda. Taja. Nimepika pale tangu mwanangu wa kwanza yuko tumboni, saa 10 alfajiri niko macho, nachambua mchele kwenye ungo punje kwa punje, naosha maji matatu, leo unaniambia wateja wangu wanakula betri? Unajua mtu mmoja akisoma hapo ataacha kula mabanda mangapi? Sisi tunalipa ushuru, tunapimwa afya, tuna vitambulisho. Taja banda au ufute hiyo kauli.

Buhongwa_Original
Mama shikamoo, sijakutaja wewe.

Mama_Lishe_Kamanga
Marahaba. Umesema "mama lishe wa kwenye vivuko". Mimi ndo mama lishe wa kwenye kivuko. Umemtaja nani kama sio mimi?

Nyamagana_Dada
Mama ana haki. Watu mna tabia ya kuwasema wapika chakula ovyo ovyo. Ila na mimi naomba niulize bila ubaya, mchele uliolaza simu unafaa kuliwa au haufai? Nina kilo mbili nzima za Kahama nilimfukia mdogo wangu simu yake juzi na mchele ule sio wa kutupa.

Msukuma_Halisi
Usiule dada. Simu inashikwa na mikono iliyotoka chooni, sokoni, kwenye daladala. Wape kuku. Alafu Kahama mchele mzuri mmeanza kufukia simu humo, si mngenunua zile chenga.

Nyamagana_Dada
Chenga ndo zinaingia kwenye tundu la chaji kabisa!

Kirumba_Mwaloni
Mchele bora ni wa Magugu, tusidanganyane.

Msukuma_Halisi
Magugu ni Manyara huko, wewe unakaa Kirumba unasifia mchele wa Manyara wakati Shinyanga iko hapa mlangoni. Usukumani tunalima mpunga tangu babu zetu na harufu ya wali wa huku mtu anaisikia akiwa bado barabarani.

Kirumba_Mwaloni
Harufu sio utamu mkuu, mimi nimekula yote miwili.

Mwl_Pasiansi
Jamani swali lilikuwa la fundi na malipo.

Mama_Lishe_Kamanga
Swali langu mimi ni taja banda.

Nansio_Kwetu
Mimi narudi kwenye maji. Mnasema maji yanakula shaba, hiyo ni ya Dar huko kwenye chumvi. Ziwa letu maji baridi, tunayanywa, tunapikia. Mimi toka Ukerewe mpaka mjini kwenye meli nimeona simu ngapi zinalowa na mawimbi zinafutwa zinaendelea. Maji baridi hayaui simu.

Fundi_Makoroboi
Hapo ndugu yangu wa Nansio naomba unisikilize maana hii imani ndo inaniletea wateja wengi wa kilio. Baharini kweli ni vibaya zaidi, simu ya bahari inaweza kufa palepale. Ila maji ya ziwa sio maji matupu, yana madini yake, yana udongo, yana mwani, na pale kwenye magati yana mafuta na uchafu wote unaoshuka na mto Mirongo toka mjini. Umeme unapita humo vizuri tu. Tofauti ni kwamba ziwa linaua polepole. Simu inawaka wiki, wiki mbili, mtu anasema imepona, mara spika inakoroma, mara haisomi chaji, mara kioo kina wingu, nikifungua nakuta kijani imetanda. Hizo ulizoziona zinafutwa kwenye meli hukuziona mwezi uliofuata. Na tukiacha ziwa, zinazonisumbua zaidi ni za soda, chai na ndoo ya kufulia. Sukari na sabuni vinabaki juu ya bodi hata maji yakikauka. Simu ikiingia soda, izime kwanza, na kama ni ile isiyopitisha maji isuuze haraka na maji safi kuliko kuiacha inate.

MwanaIgogo
Sasa hapo mmenigusa. Simu yangu ni hizo hizo zisizopitisha maji, imeandikwa IP68 kabisa kwenye boksi na muuzaji aliitumbukiza kwenye glasi ya maji mbele yangu dukani. Nimelipa hela nyingi kwa sababu ya hiyo IP68. Kwa nini ife kwa dakika mbili? Na dukani wameniambia maji hayamo kwenye garantii. Wanauza simu ya maji, garantii haina maji!

Mwl_Pasiansi
Hili nalijua kidogo. Hizo namba zinapimwa maabara kwenye maji safi yaliyotulia, simu mpya. IP67 ni mita moja kwa dakika 30, IP68 ni zaidi ya hapo kwa kina ambacho kampuni yenyewe inataja. Simu iliyowahi kudondoka, au iliyowahi kufunguliwa kubadilishwa kioo, ile gundi ya pembeni haiko tena kama ilivyotoka kiwandani. Je yako ilishawahi kubadilishwa kioo?

MwanaIgogo
Mara moja. Mwaka jana.

Fundi_Makoroboi
Basi.

MwanaIgogo
Basi nini? Mlinibadilishia kioo nyie nyie mafundi mkaweka gundi ya elfu mbili alafu leo "basi"! Hakuna aliyeniambia kwamba nikitoka hapo simu haizuii maji tena. Ningeambiwa ningeilinda. Hiyo ndo hoja yangu ya malipo, fundi anataka alipwe ila maneno ya muhimu hasemi.

Fundi_Makoroboi
Hapo nakubali. Tulipaswa kuwaambia. Mimi naambia wangu, wengine hawasemi.

Mwl_Pasiansi
Na la matangazo nalo MwanaIgogo hauko peke yako. Italia mwaka 2020 mamlaka yao ya ushindani iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 kwa sababu hiyo hiyo, matangazo yanasema haiingii maji alafu garantii inakataa maji. Australia nao 2022 mahakama iliitoza Samsung dola milioni 14 za kwao, matangazo yalionyesha watu na simu kwenye bwawa na baharini kumbe tundu la chaji likichajiwa bado bichi linaweza kuoza. Na sisi tuna Tume ya Ushindani, FCC, na Sheria ya Ushindani ya 2003. Mjadala uwe huo, sio 15,000 ya fundi.

Dagaa_Usiku
Kwa hiyo mnakubali kumbe hata hizo za laki nane zinakufa kwa maji. Kitochi changu hakina tangazo na kinawaka.

Nyamagana_Dada
MwanaIgogo hela zako za kwenye laini uliziokoa? Watu wanadhani zimezama na simu. Hazikai kwenye simu, nenda dukani kwa mtandao wako na namba ya kitambulisho cha NIDA, unaweka kidole, wanakupa laini mpya namba ile ile.

MwanaIgogo
Hela nilishazipata dada, ahsante. Sijasema ukweli wote hapo juu. Sio hela na sio simu. Mama yangu alifariki Februari na sauti zake na picha zote za mwisho akiwa hospitali ya Bugando ziko humo. Ndo maana nina hasira na yule fundi. Nilitegemea iwake hata dakika kumi tu.

Fundi_Makoroboi
Pole sana ndugu yangu. Sasa sikiliza vizuri. Picha haziko kwenye laini, ziko kwenye chipu iliyochomelewa kwenye bodi, na simu za siku hizi zimefungwa kwa siri, huwezi kuing'oa ile chipu ukaisomea pengine. Lazima bodi ile ile ifufuke. Kwa hiyo mwambie yule jamaa asiichaji tena, asiipige bloa, asijaribu jaribu kuiwasha. Mlipe hiyo 15,000 uichukue kama ilivyo uniletee, betri likiwa limetolewa. Natafuta njia iliyopiga shoti kwanza. Nikishindwa sichukui shilingi. Siahidi.

MwanaIgogo
Kesho asubuhi nipo.

Dagaa_Usiku
Pole kaka, sikujua. Fundi na mimi nijibu kabla sijaingia ziwani, mbalamwezi imeisha leo tunatoka. Mwanangu kaninunulia hizi za kupangusa, naenda nayo. Saa nane usiku katikati ya maji ikidumbukia nifanyeje, mchele sina.

Fundi_Makoroboi
Izime. Toa kisahani cha laini na memori kadi, tundu litazame chini, ifute na kitu kikavu, ivae kifuani chini ya shati upepo na joto la mwili vifanye kazi, usiiweke juu ya taa wala kwenye moto wa chai, betri la lithiamu na moto ni hatari ndani ya mtumbwi. Usiiwashe kuangalia saa. Ukifika mwaloni njoo moja kwa moja kabla hujalala. Na kabla ya yote hayo, iweke kwenye kopo la kizibo cha kukaza, mifuko ya nailoni si tumeshazoea kuikosa tangu ipigwe marufuku 2019.

Dagaa_Usiku
Kopo ninalo. Nimekusikia.

Buhongwa_Original
Pole MwanaIgogo. Na mimi mama yangu alishapumzika, najua.

Mama_Lishe_Kamanga
Pole sana mwanangu MwanaIgogo, kesho ukitoka kwa fundi pita ule, usilipe. Wewe wa Buhongwa nimeona umeandika lingine. Bado nasubiri banda.

Buhongwa_Original
Mama hakuna banda. Niliropoka.