Pikapu iliyonyanyuliwa isibebe watu mpaka ikaguliwe

Wakuu, mdau mmoja anayebeba mahindi upande wa Kongwa ameandika kwamba gari ni lake, kalinunua kwa jasho lake, na akitaka kulinyanyua, yaani kuliongezea kimo, hata futi nzima hakuna wa kumuuliza, kwa sababu barabara za vijiji vya Dodoma ndizo zinazomlazimisha. Wengi mmemuunga mkono. Mimi napinga, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirukia.

Kuhusu barabara yuko sahihi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na zikishuka zinashuka kwa mkupuo. Korongo ulilovuka asubuhi likiwa mchanga mtupu, jioni linakulaza ng'ambo. Maji yakipungua yanaacha kingo zilizokatika na mawe katikati ya njia. Ukielekea Bahi kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaoganda kwenye tairi mpaka meno hayaonekani. Anayepita Kibakwe, Farkwa au Kwa Mtoro mwezi wa pili anaijua sauti ya jiwe linalokwaruza uvungu. Kwa hiyo wanaosema kunyanyua gari ni fasheni ya vijana wa mjini hawajafika huko, na wanaotaka ipigwe marufuku siko upande wao.

Ninachodai ni hiki: pikapu iliyonyanyuliwa ikaguliwe, mabadiliko yaandikwe, na kabla ya hapo isibebe watu wala mzigo wa kukodi.

Tuanze na kile ambacho wengi hawaambiwi gereji. Chukueni Land Cruiser 79, ambayo nyuma na mbele ina ekseli nzima inayotoka gurudumu hadi gurudumu. Kitu kinachogonga mawe kwanza ni difu, lile bonge katikati ya ekseli. Ukiweka springi ndefu zaidi kwa sentimita 5, bodi na chesisi vinapanda sentimita 5, lakini difu inabaki pale pale ilipokuwa. Ekseli imekaa kwenye magurudumu, haikai kwenye springi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu: ukitoka tairi ya kimo cha sentimita 80 ukafunga ya sentimita 85, difu inapanda sentimita 2 na nusu. Mtu analipa hela nyingi, gari linaonekana refu barabarani, akifika kwenye jiwe lile lile difu inagonga kama jana. Springi zina faida yake, sikatai: tangi la mafuta na ngazi za pembeni vinapona, gari linapanda kingo za korongo bila kukwaruza bampa, na tairi kubwa linapata nafasi ya kuzunguka. Ila mnunuzi ajue ananunua nini.

Kwenye Hilux za siku hizi mbele hakuna ekseli nzima, kwa hiyo difu ya mbele inapanda pamoja na chesisi. Hapo gharama inahamia kwingine. Sivi jointi, vile viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, zinakaa kwa pembe kali, buti za raba zinazozifunika zinachanika, vumbi letu linaingia, na baada ya muda unasikia kata-kata ukikunja kona.

Sasa nije kwenye breki, na hapa naomba madereva msome polepole. Pikapu nyingi zina valvu nyuma inayopima mzigo, imeungwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Gari likibeba, bodi inashuka, fimbo inasogea, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende magurudumu ya nyuma. Ukinyanyua nyuma bila kurekebisha ile fimbo, valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Unapakia gunia 10 za kilo 100, hiyo ni tani 1 (na kama ni lumbesa ni zaidi), unashuka mlima, unakanyaga, na breki za nyuma zinafanya kazi kana kwamba hujabeba kitu. Dawa yake ni kipande cha chuma cha kupandisha mahali fimbo inaposhikwa kwenye ekseli kwa kimo kile kile ulichoongeza, au kurekebisha fimbo yenyewe. Ni kazi ndogo. Fundi asiyeijua anakukabidhi gari na anakuambia safari njema.

Nimechungulia uvungu wa pikapu moja hapa mjini iliyokuwa tayari kurudi kazini. Kati ya springi na ekseli ya nyuma palikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyopandanishwa na kuchomelewa, welding ikiwa na matundu. Yubolti mpya, vile vyuma vya umbo la U vinavyofunga springi kwenye ekseli, hazikutosha urefu. Nati zilishika nyuzi mbili tatu za mwisho. Hozi ya breki, ule mpira unaopitisha mafuta ya breki, ilikuwa ile ile ya zamani. Lilipopigwa jeki na gurudumu kuning'inia, hozi ikakaza mpaka ikanyooka, haina hata chembe ya ulegevu. Gurudumu hilo likiingia kwenye shimo refu, hozi ndiyo itakayobeba uzito wa ekseli. Bodi ya gari hilo ilikuwa imepigwa rangi mpya na kung'arishwa.

Na nani anapanda? Kila anayeishi huku ameona pikapu ikirudi kutoka mnadani: magunia chini, watu juu ya magunia, mbuzi pembeni, vijana wamening'inia nyuma. Uzito wote huo uko juu. Hesabu yake ni rahisi: gawanya upana kati ya magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito kilichozidishwa mara mbili. Tuseme upana ni mita 1.5 na kitovu kiko sentimita 90 kutoka chini, unapata 0.83. Pandisha kitovu kwa sentimita 10, unapata 0.75. Jibu likipungua, gari linapinduka kwa kona ndogo zaidi na kwa mwendo mdogo zaidi. Na hapo sijahesabu abiria wanaoegemea upande mmoja gari linapolala kwenye mtaro.

Hapo ndipo hoja ya "gari ni langu" inapoanguka. Gari ni lako, mkuu, nakubali. Mama aliyepanda pale juu na mtoto mgongoni siyo wako. Yeye hawezi kuingia uvunguni kuangalia nati.

Kuna mwingine amesema ukaguzi utakuwa mlango wa rushwa: askari atamsimamisha kila mwenye gari refu na kuomba ya soda. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Lakini kutokuwa na maandishi ndiko kunakomnenepesha mla rushwa, maana sasa hivi kila kitu ni hiari ya aliyesimama barabarani. Kukiwa na kikomo kilichoandikwa, na karatasi moja inayotaja kimo kilichoongezwa, hozi zilizobadilishwa, valvu iliyorekebishwa na fundi aliyeifanya kwa jina na sahihi yake, dereva ana cha kuonyesha. Leo ukibadili rangi ya gari unatakiwa ukarekebishe kadi. Rangi haijawahi kupindua gari. Ukibadili kimo cha gari hakuna anayekuuliza!

Wa tatu anasema tuidai TARURA itengeneze vivuko na makalavati, na hapo hakuna atakayenyanyua gari. Tuidai, kwa sauti kubwa; tangu 2017 barabara za vijijini ziko mikononi mwake. Ila mahindi ya msimu huu hayasubiri kalavati la mwaka kesho, na magari yataendelea kunyanyuliwa tukiwa tunadai.

Kwa anayeuliza afanye nini leo: tairi nzuri za tope za kimo kinachokubalika na gari, springi za kiwanda zenye uimara wa mzigo wako, ongezeko lisizidi sentimita 5, na jifunze kupunguza upepo kwenye mchanga kisha ujaze tena ukifika lami. Kwenye mchanga wa makorongo, upepo uliojaa ni sababu mojawapo ya kukwama. Mkifunga tairi kubwa kumbukeni pia spidomita itasoma pungufu ya mwendo halisi.

Mafundi mlioko Dodoma, Manyoni na Mpwapwa, nataka kusikia kwenu: mkinyanyua Hilux ya mzigo, ile valvu ya nyuma mnaifanyaje? Na ninyi wenye magari, kuna aliyewahi kupewa maandishi yoyote na gereji baada ya kazi hiyo?