Kofia ya chuma ya babu iliyokuwa ikifulia maji mtumbwini: niikarabati au niiache?

Mjukuu wa Nansio

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi, maana ndiyo siku niliyoahidiana na fundi.

Babu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alienda Vita vya Hitla, akafika mpaka Bama (Burma) kule Asia, akarudi salama Ukerewe. Alirudi na kofia ya chuma, ile bapa yenye ukingo pande zote kama sinia lililobonyezwa katikati. Wanawe wakaja kuigeuza chombo cha kufulia maji mtumbwini, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Utosini ina tundu, wakaliziba kwa lami na kipande cha kandambili. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia bibi nikaikuta chini ya kichanja cha vyombo, kuku wanainywea. Nikamwomba, akanipa. Nimerudi nayo Mwanza kwa meli nimeipakata kama mtoto.

Hali yake: kutu ya kahawia karibu kote, rangi imebaki madoa madoa. Bitana ya ndani haipo wala mkanda wa kidevuni. Imebonyea kidogo upande wa kushoto. Mbali na tundu la utosini, ukingoni kwa nyuma kuna matundu mengine matatu madogo.

Fundi wa kuchomelea huku Mabatini anasema ataziba matundu yote manne, apige grenda mpaka chuma kiwe cheupe, apake puti, amalizie na rangi ya kijani ya kupuliza. Sh 35,000. Nataka baba aione ingali yeye ana nguvu. Je, inastahili hiyo kazi, au imeshakwisha?

Kijana wa Igoma

Mpe fundi afanye kazi, mkuu. Ikishapigwa rangi inaning'inia sebuleni safi kabisa. Ila una uhakika ni ya Keya? Mwanza ilikuwa ya Mjerumani, inawezekana ni ya kwake.

Bodi Mstaafu, Nyakato

Mjukuu, tafadhali mpigie fundi simu leo hii umwambie asubiri.

Nimegonga bodi za magari miaka 31, grenda naijua. Mwaka 1996 mwalimu mmoja aliniletea kofia kama hiyo ya baba yake nimsafishie. Niliisaga ikang'aa, nikaipaka rangi, nikajiona nimefanya kazi nzuri. Alipoipokea akaigeuza, akatazama chini ya ukingo kwa muda, akaniuliza: "Jina la mzee liko wapi?" Lilikuwa limekwanguliwa kwa ncha ya kisu. Mimi nililifuta bila hata kuliona. Alinilipa pesa yangu yote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tangu hapo nikaanza kuulizia na kusoma juu ya vyombo hivi.

Kwanza hayo matundu. La utosini halikutobolewa na kutu, ndipo bolti ya kushikilia bitana ilipopita. Yale matatu ya nyuma ndiyo yamenifanya nikuandikie upesi. Kofia za umbo hili zilizotengenezwa Afrika Kusini wakati wa vita vya pili zinatambulika kwa matundu matatu nyuma ya ukingo. Yalitobolewa kiwandani. Fundi wako akiyaziba, atakuwa amefuta cheti cha kuzaliwa cha hiyo kofia.

Kijana wa Igoma, ya Mjerumani haiwezi kuwa. Kofia yake ya chuma ilishuka mpaka masikioni na kufunika kisogo, na ilianza kugawiwa askari wake Ulaya mwaka 1916. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Mwingereza aliitwaa Mwanza.

Sasa hali ya chuma. Subiri jua la saa sita, iinue juu, uitazame kwa ndani. Ukiona nuru inapenya kwa vitundu kama vya sindano, chuma kimeliwa, na msasa utakimaliza. Kisha ining'inize kwa uzi, ugonge taratibu na kijiko. Ikilia kama kengele, bado nzima. Ikitoa sauti bubu, tafuta ufa, hasa hapo ilipobonyea. Na usijaribu kunyoosha hapo. Huwezi kujua kama palibonyea Ukerewe au Bama.

Usiku zima taa, umulike tochi kwa ubavu chini ya ukingo, mwanga ulale juu ya chuma. Tochi ikitazamana na chuma moja kwa moja huoni kitu. Ikilala, hata mkwaruzo wa msumari unatoa kivuli.

Bahati yako ni ziwa. Maji yetu hayana chumvi. Ingefulia maji ya bahari miaka hiyo yote, leo ungekuwa na ukingo mtupu.

Kuisafisha: kitambaa laini, maji kidogo na sabuni, ikaushe palepale. Magamba ya kutu yabandue kwa kijiti cha mti, si kwa brashi ya waya. Halafu mafuta ya cherehani kidogo mno, futa mpaka mkono usiteleze. Usiisage hata kwa msasa laini, rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead) na vumbi lake ni sumu. Na kuku uwatafutie chombo kingine.

Mama Dagaa, Mwaloni

Kaka, haikuwahi kukaa kwenye kibanda cha kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi? Chumvi ya samaki inabaki ndani ya kutu, na masika ikifika inaanza kula upya. Kama iliwahi kukaa huko, isuuze mara kadhaa kwa maji safi kabla ya hayo mafuta.

Jingine, usitoke nayo kichwani barabarani. JWTZ walishatangaza raia wasalimishe mavazi ya kijeshi. Hiyo ni ya mkoloni, lakini si kila atakayekusimamisha atajua. Mwambie mwenyekiti wa mtaa kwamba unayo nyumbani.

Mjukuu wa Nansio

Mzee wa Nyakato, shikamoo. Nimemwambia fundi aache, amenielewa. Dada wa Mwaloni, asante, nimemuuliza bibi, anasema kayabo hawakuwahi kuanika pale kwao.

Juani hakuna nuru iliyopenya isipokuwa kwenye yale manne. Imelia vizuri, hata mke wangu ametoka jikoni kuuliza ni nini.

Lami nimeibandua kwa kijiti jioni mbili mfululizo. Chini yake kumebaki duara la rangi ya mchanga, nzima kabisa, pana kama shilingi mia. Kumbe kandambili ile ndiyo iliyoitunza. Na kwa tochi ya kulala, upande wa kulia, kuna M, halafu kitu kama 4, halafu mstari uliokatika. Nimempigia baba. Amenyamaza kidogo, akasema M ni ya jina la babu la nyumbani, lile ambalo Wazungu hawakuliandika. Anakuja Jumamosi kwa meli, anataka kuishika mwenyewe kabla sijaipaka mafuta.

Bodi Mstaafu, Nyakato

Marahaba, mwanangu. Msubiri. Mafuta hayana haraka. Ila iweke juu ya kabati, mbali na sakafu ya saruji, saruji inatoa unyevu.