"Haki zipo hata zisipoandikwa" halafu ananipokonya maiki!!! Huyu mzee wa Kisumu mnamjua, semeni kitu

Jabali la Kondele:

Wasee, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi nivumilieni. Ndio nimetoka kwenye ule mjadala wa katiba. Jina sitaji, sina haja. Ni yule wa miwani ya jua ndani ya nyumba, anayekohoa kwanza ndipo aseme "kimsingi". Hata samaki wa Dunga wanamjua.

Mada yenyewe ilikuwa tamu: nchi ikipitisha katiba mpya, haki za mtu binafsi ziorodheshwe, ama ziachwe tu tuelewane? Mzee akapewa dakika kumi, akazungumza mpaka kivuli cha mwembe kikahama kaunti. Akatubeba mpaka Marekani ya 1787 na 1788. Ati Hamilton, mmoja wa waliotetea katiba yao mpya, alisema orodha ya haki haina haja na tena ni hatari, kwa maana utaandikaje kwamba uhuru wa magazeti usizuiwe, na serikali yenyewe haijapewa uwezo wa kuuzuia? Makofi. Mimi nikainua mkono kistaarabu. Nikapewa maiki. Nikasema, "Asante mwenyekiti, lakini George..."

George! Nilifika hapo tu! Akaichomoa maiki mkononi mwangu kama mtu anayetoa mwiba wa mbuta kooni mwa mtoto, akasema kwa sauti ya mtangazaji: "George? George yupi, wa Nyalenda? Keti chini kijana. Haki zipo hata zisipoandikwa." Ukumbi wote ukavunjika mbavu. Kuna mama alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

George MASON, jamani! Mtu wa Virginia aliyekaa Philadelphia kiangazi kizima wakitunga ile katiba, halafu Septemba 1787 akakataa kutia sahihi, na lalamiko lake la kwanza likawa kwamba haina tamko la haki! Ni huyo huyo aliyekuwa ameandika rasimu ya tamko la haki la Virginia 1776! Ilikuwa sentensi moja tu. Ningeimaliza hata kabla hajakohoa.

Na hiyo maiki mnajua alimpa nani? Mpwa wake. Atangaze kwamba kuna Probox nyeupe imeziba lango. Probox nyeupe! Kisumu hii! Nusu ya ukumbi ikatoka nje kuangalia kama ni yake.

Kwa hivyo haki yangu ya kusema ipo, ila inakaa mfukoni mwake. Sikufika hata Mason. Nimerudi nyumbani kwa boda nikinong'ona "Mason, Mason" peke yangu, mpaka jamaa wa boda akadhani ni steji, akaniuliza kama tumeipita.

Semeni kitu.

Omena Kavu:

Mzee wa "kimsingi"!!! Huyo kwa matanga ya jirani yetu alisimama kusoma wasifu wa marehemu akasoma wake. Marehemu akangoja.

Binti Mumias:

Pole kaka. Lakini unasimama mbele ya watu wa Kisumu unasema "George" halafu unavuta pumzi, ulitarajia nini? Hata mimi ningecheka.

Jabali la Kondele:

Dada, sikuvuta pumzi! Mdomo ulikuwa wazi, M ilikuwa imeshatoka, maiki ilikuwa hewani!

Mstaafu wa Chaki:

Vijana, punguzeni moto. Jambo hili halikuwa jepesi hata kwao. Jimbo la Massachusetts liliipitisha ile katiba ya Marekani Februari 1788 kwa kura 187 dhidi ya 168, na ikabidi liambatanishe mapendekezo ya marekebisho. Virginia 89 kwa 79. New York 30 kwa 27. North Carolina wakakaa kando mpaka Novemba 1789. Madison mwenyewe, mmoja wa watunzi wa katiba hiyo, aliyeziita orodha za haki vizuizi vya karatasi, ndiye aliyesimama kwenye Kongresi 1789 kuyawasilisha marekebisho, na kumi kati yake yakawa sheria Desemba 1791. Ile hofu ya Hamilton kwamba ukitaja haki chache zingine zitahesabiwa hazipo, ilijibiwa na rekebisho la tisa: kutaja hizi si kukana zile nyingine. Kwa hivyo mzee wenu alikuwa na nusu ya hoja.

Omena Kavu:

Mwalimu, kengele ilishalia. Watoto wako nje.

Jabali la Kondele:

NUSU YA HOJA? Na wewe mwalimu? Hiyo nusu aliisema akiwa ameshika maiki YANGU.

Wakili wa Veranda:

Mzee hakukosea sana. Kifungu cha 19 cha katiba yetu chenyewe kinasema haki ni za kila mtu na hazitolewi na Serikali. Labda alikuwa anasema hicho hicho kwa mdomo wa Hamilton.

Jabali la Kondele:

Na kinasema wapi? Kimeandikwa! KIMEANDIKWA!

Kinyozi wa Kibuye:

Acha nimtetee mzee kidogo. Kura ya maoni ya Novemba 2005 alikuwa Chungwa na sisi, tukaikataa rasimu ya katiba. Agosti 2010 akavaa kijani cha NDIYO mpaka soksi, akaja hapa kinyozini kutusomea Sura ya Nne, ile ya haki, mstari kwa mstari, wembe ukiwa shingoni. "Vijana, haki zote ziandikwe, kisichoandikwa hakipo." Nilimnyoa bure siku hiyo. Ngoja, kumbe sijamtetea.

Omena Kavu:

😂😂😂 Nenda umdai.

Wakili wa Veranda:

Kama hamuamini kuandika kuna maana, kumbukeni Mei 2010. Bunge limepitisha rasimu Aprili bila kubadilisha hata nukta, ikaenda kwa mchapishaji wa serikali, ikatoka na maneno "usalama wa taifa" yamechomekwa ndani ya Kifungu cha 24. Hicho ndicho kinasema haki zako zinaweza kubanwa lini. Yaani Sura ya Nne yote ingefungwa breki na mtu asiyejulikana. Kelele zikapigwa, yakatolewa.

Binti Mumias:

Aliyeyachomeka alipatikana?

Wakili wa Veranda:

Uliza lingine.

Kinyozi wa Kibuye:

Breki unataka? Mimi nilishikwa Ijumaa jioni, kosa langu kusimama nje ya duka langu. Nikawaambia Kifungu cha 49, mahakamani ndani ya saa 24. Afande akatabasamu vizuri sana, akaniambia endelea kusoma. Nikakumbuka mstari wa chini: saa 24 zikiisha mahakama imefungwa, unangoja siku ya mahakama inayofuata. Nikalala huko mpaka Jumatatu na godoro lilikuwa la jamaa mmoja aliyeogopwa. Wewe unalia maiki.

Jabali la Kondele:

Turudi kwa maiki jamani. Mbele ya watu wote wale. George, halafu kimya.

Mwenye Gari Dogo:

Hamjambo. Hiyo Probox nyeupe ilikuwa yangu. Nilipofika langoni kioo cha pembeni kilikuwa kimekwenda. Nani aliona kitu? Kifungu cha 40, haki ya kumiliki mali.

Omena Kavu:

Zunguka kwa wauza vipuri kesho asubuhi. Watakuuzia hicho hicho, na watakupunguzia.

Shemeji wa Bondeni:

Nyinyi mna maiki na vioo. Mimi Kifungu cha 43 kimeniandikia maji safi na salama, tena ya kutosha. Hapa Nakuru mfereji unapiga mluzi tangu wiki iliyopita. Nioge na Sura ya Nne?

Binti Mumias:

Shemeji, wewe una mluzi. Huku tulipeleka miwa kiwandani, pesa zikaenda likizo. Baba mkwe ana risiti amezikunja chini ya godoro kama hati ya shamba. Hiyo nayo ni kifungu cha ngapi, Wakili?

Wakili wa Veranda:

Mwambie aniletee risiti kwanza.

Jabali la Kondele:

Kuna mtu bado anasoma huu uzi kweli?

Shemeji wa Bondeni:

Kaka, ukimaliza na huyo George wako, nisaidie namba ya mtu wa mkokoteni wa maji upande wa Bondeni. Yule wangu amezima simu.

Omena Kavu:

Na hayo ya mfereji mliyokuwa nayo, si ndiyo yenye floridi? Watu wa Nakuru nawajua kwa meno kabla hawajaniambia wanatoka wapi.

Shemeji wa Bondeni:

Afadhali floridi. Nyinyi mna ziwa zima mlangoni na limevaa magugu.

Omena Kavu:

Omera, ziwa letu usiliguse.

Shemeji wa Bondeni:

Siligusi. Nitawashwa.