Naomba ushauri: mtoto aanzie wapi kuangalia Pokémon?

Habari zenu wakuu. Mwanangu wa miaka 7 ameipenda Pokémon, ile katuni ya Kijapani, kupita kiasi, anataka kuiona yote. Shida ni urefu: ilianza Japani Aprili 1997, kijana Ash na kiumbe wake Pikachu wakaenda nayo hadi 2023, kisha wahusika wapya Liko na Roy wakapokea kijiti.

Mimi nataka aanzie mwanzo kabisa, amwone Pikachu akigoma kuingia kwenye mpira wake wa kubebewa na kumpiga Ash shoti ya umeme. Urafiki wao unajengwa pale. Bila hapo, ubingwa wa dunia wa mapambano ya Pokémon alioupata Ash 2022 hautamgusa. Mama yake anasema michoro ya zamani itamchosha, aanze na Liko.

Mliopitia hili na watoto, mlifanyaje? Ipi misimu ya kuruka? Na Kiingereza hajakishika vizuri, nikae naye nimtafsirie?