TestDaF ya kompyuta: nakwama TDN 3 kwenye Schreiben na Sprechen, nianzie wapi?

Mwanachuo_Moshi

Habari zenu wakuu. Najiandaa kurudia TestDaF ya kompyuta, ule mtihani wa Kijerumani wa kuombea chuo Ujerumani. Matokeo niliyonayo (TDN ni kiwango cha matokeo, 3 ya chini na 5 ya juu): Lesen (kusoma) TDN 5, Hören (kusikiliza) TDN 4, Schreiben (kuandika) TDN 3, Sprechen (kusema) TDN 3. Chuo ninachoomba Ujerumani kinataka TDN 4 kwenye sehemu zote nne. Sarufi ya C1 (ngazi ya juu ya lugha) nimeimaliza na msamiati upo. Shida ni kwamba kwenye kuandika muda unaniishia, na kwenye kusema nanyamaza saa ikiwa bado inahesabu. Nianzie wapi? Na je, nihamie Goethe C1, mtihani wa Taasisi ya Goethe? Nasikia kule unarudia sehemu moja moja.

Mwl_Deutsch

Karibu. Nianze na hilo la Goethe, maana linaweza kukugharimu muhula mzima. Ni kweli, tangu Januari 2024 Goethe-Zertifikat C1 ina moduli nne zinazojitegemea. Kila moja ina alama 100 na unapita kwa 60, kwa hiyo ukianguka Schreiben unarudia Schreiben peke yake. TestDaF haiko hivyo: ukirudia, unarudia zote nne. Lakini si kila chuo kinapokea Goethe C1 kama ushahidi wa lugha wa kuanzia masomo. Zinazopokelewa kwa upana ni TestDaF yenye TDN 4 nne, na mitihani mingine ya Kijerumani: DSH-2, telc C1 Hochschule na Goethe C2. Fungua ukurasa wa udahili wa chuo chako, usome kwa jina cheti wanachotaka, ndipo uamue. Kama Goethe C1 haimo, baki hapo ulipo.

Sasa Schreiben. Kazi ni mbili, dakika 30 kila moja. Ya kwanza ni hoja, angalau maneno 200. Ya pili ni muhtasari wa maneno 100 hadi 150 unaotoa habari kwenye matini na kwenye grafu. Mtu mwenye Lesen TDN 5 akipata TDN 3 hapa, sababu mara nyingi si Kijerumani kibovu. Hakujibu kilichoulizwa, au amejibu nusu.

Hiyo ya pili ndiyo inayowaangusha wengi, kwa namna tatu. Kwanza, wanatia maoni yao. Hapo hakuna aliyekuomba maoni, kwa hiyo "meiner Meinung nach" (kwa maoni yangu) iondoe kabisa. Pili, wanasimulia grafu yote, nguzo baada ya nguzo, ilhali swali linahitaji takwimu mbili au tatu tu. Tatu, wanahamisha sentensi za matini kama zilivyo, na mtahini anazitambua mara moja. Dawa ya hilo la tatu ni kubadili umbo la sentensi, si kubadilisha neno mojamoja. Matini ikisema "Aufgrund der steigenden Mieten ziehen viele Studierende an den Stadtrand", wewe andika "Weil die Mieten steigen, wohnen viele Studierende nicht mehr im Zentrum". Jizoeze pande zote mbili: nomino kwenda kitenzi, kitenzi kwenda nomino.

Kwenye grafu, shika von (kutoka), auf (hadi) na um (kwa kiasi cha) hadi zitoke bila kufikiri. "Der Anteil ist von 40 auf 55 Prozent gestiegen": ilianzia 40, ikafika 55. "Der Anteil ist um 15 Prozentpunkte gestiegen": hiyo ni tofauti yake. Ukiandika "um 55 Prozent" umesema jambo jingine kabisa na muhtasari wako una habari ya uongo. Na ni "ist gestiegen", kamwe si "hat gestiegen".

Dakika 30 zigawe hivi: 5 kusoma swali na kupanga, 20 kuandika, 5 kusahihisha. Katika zile 5 za kwanza andika kila kipengele cha swali kwenye mstari wake. Swali likitaka faida, hasara na msimamo wako, basi una aya tatu. Muda unaisha kwa sababu watu hupanga huku wakiandika, kisha aya ya kwanza inameza maneno 120.

Kitenzi_Mwishoni

Naongezea hapo kwenye zile dakika 5 za kusahihisha. Usisome insha yote ukitafuta makosa yote kwa pamoja, hutayaona. Pita mara ya kwanza ukitazama vitenzi tu. Sisi tunaowaza kwa Kiswahili tunaweka mtenda kisha kitenzi popote pale, kwa hiyo makosa yetu yanajulikana yalipo:

"..., weil (kwa sababu) die Mieten sind hoch" ni kosa. Sahihi: "..., weil die Mieten hoch sind."
"Deshalb (kwa hiyo) viele Studierende wohnen bei den Eltern" ni kosa. Sahihi: "Deshalb wohnen viele Studierende bei den Eltern."
"Obwohl (ingawa) die Mieten hoch sind, viele ziehen in die Großstadt" ni kosa. Sahihi: "Obwohl die Mieten hoch sind, ziehen viele in die Großstadt."

Hilo la tatu ndilo linalojificha zaidi. Kishazi tegemezi chote kinahesabika kama nafasi ya kwanza, kwa hiyo kitenzi kikuu lazima kifuate papo hapo baada ya mkato. Ukitaka kutoa sababu bila kuvuruga mpangilio, tumia "denn": baada yake sentensi inabaki ya kawaida, "denn die Mieten sind hoch".

Mara ya pili tazama maumbo ya nomino: wingi wa Dativ (mit den Studenten, in vielen Ländern: ile -n mwishoni) na Genitiv (umbo la umilikaji) baada ya aufgrund, trotz na wegen. Hapo makosa mengi ya C1 yamekwisha.

Viunganishi usivimwage. Vitano unavyovimudu ni bora kuliko kumi na tano vya kukariri ambavyo viwili vimekaa pasipo maana.

Mwanachuo_Moshi

Asanteni sana, hilo la Obwohl nimejiona. Na Sprechen je? Huko hamna mtu wa kunisaidia, ni mimi na kompyuta.

Sauti_ya_Tanga

Kazi ziko 7, kama dakika 35 kwa jumla, unasemea kwenye kipaza sauti na hakuna anayekuitikia. Kunyamaza kunatokana na jambo moja: unatumia muda wa maandalizi kuandika sentensi kamili. Ukiandika sentensi, unafika na mbili tu, ukizimaliza umekauka. Andika maneno matano au sita, kila hoja neno moja, na pembeni yake mfano mmoja. Mfano ndio unaojaza muda kihalali.

Utangulizi wa kukariri uache. "Das ist ein sehr interessantes Thema, das heutzutage..." haina alama yoyote, na kazi fupi haifiki hata dakika moja. Ingia kwenye jibu.

Soma maelekezo mara mbili kujua unasema na nani. Mwanafunzi mwenzako aliyeomba ushauri ni du ("wewe" ya kirafiki). Ukimwita Sie ("wewe" ya heshima), umekosea mazingira hata kama sarufi imenyooka. Halafu kuna kazi inayokutaka urudie hoja za mtu mwingine kisha utoe msimamo wako. Wengi huruka moja kwa moja kwenye msimamo na kupoteza nusu ya kazi. Anza na "Der Autor vertritt die Ansicht, dass...", taja hoja zake, ndipo "Ich sehe das anders, weil...".

Matamshi nayo: tuna tabia ya kuchomeka irabu kati ya konsonanti zilizosongamana. Herbst, Angst, selbstständig, zitamke polepole bila i wala u katikati. Na urefu wa irabu ubebe maana: Stadt (mji) ni fupi, Staat (dola) ni ndefu. Jirekodi kwa simu ukijibu kazi za Modelltest (mtihani wa mfano) iliyoko bure kwenye tovuti ya TestDaF, kisha sikiliza rekodi ukiwa na karatasi: weka alama kila uliponyamaza zaidi ya sekunde tatu. Mara nyingi utakuta ni pale ulipotafuta neno zuri. Sema rahisi, endelea.

Mwl_Deutsch

Jambo la mwisho, la kibodi. Kwenye kibodi ya Kijerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, ü iko kulia kwa P, ö kulia kwa L, ä inafuata, na ß iko kulia kwa 0. Uliza kituo chako wana mpangilio gani, kisha weka huohuo kwenye kompyuta yako leo na uandike mazoezi yote humo, huku umezima kisahihisha maneno.